Faili langu la hospitali ni la nani? Nimeomba nakala, nimeambiwa nije na barua ya mahakama

#1 Nguchiro wa Kimara
Wakuu kwema? Naenda moja kwa moja.

Niliomba bima ya afya kwenye kampuni moja binafsi. Kwenye fomu nilisaini kwamba waruhusiwe kuulizia hospitali ninayotibiwa, nikijua sina cha kuficha. Majibu yakarudi: "Mteja ana kisukari cha muda mrefu." Ama nilipe zaidi, ama wasinilipie ugonjwa huo. Mimi sina kisukari. Nimepima maabara mbili tofauti kabla ya kunywa chai, nimepata 5.1 na 4.9.

Hospitali hiyo natibiwa tangu 2017. Nikaenda dirisha la mafaili kuomba nakala. Faili nililiona kwa macho yangu, la kijani, kona moja imeliwa na panya, lipo mezani hata mkono ningelifikia. Jamaa akaweka kiganja juu yake kama anazuia lisipeperuke na upepo. "Faili ni mali ya hospitali. Ukilitaka njoo na barua ya mahakama."

Swali langu: faili ni langu au ni lao?

#2 Kipanga Mzee
Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi. Wajuvi waje.

#3 Fundi Spana
Ni lao mkuu. Ukileta gari gereji kwangu naandika kwenye daftari langu: gari fulani, bushi zimekufa, injini inavuja. Ukija kesho kudai daftari nakupa? Kalamu yangu, wino wangu.

#4 Wakili Kandambili
Mleta uzi, na wewe #3, mnachanganya karatasi na kilichoandikwa juu yake. Jalada, karatasi na kabati ni vya hospitali, sibishi. Kilichoandikwa humo ndicho chenye mjadala, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa lugha ya sheria hiyo wewe ni mhusika wa taarifa, hospitali ni mkusanyaji.

Mhusika ana haki ya kuambiwa taarifa zake zipi zinashughulikiwa, kwa sababu gani na anapewa nani. Zikiwa na makosa anaweza kudai zirekebishwe, zifungiwe au zifutwe. Anaweza kukataa zisitumike kumtangazia biashara. Anaweza kudai jambo zito linalomgusa lisiamuliwe na kompyuta peke yake. Akiumia, fidia. Na taarifa za afya zipo kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo ulinzi wake unapaswa kuwa mkubwa zaidi.

Barua ya mahakama anaombwa mtu baki anayetaka faili lako. Wewe unayetaka la kwako uende mahakamani kumshtaki nani?

#5 Mbu wa Kinondoni
Sheria ipo tangu 2022 na asubuhi hii nimetumiwa ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii". Nyie endeleeni kunukuu.

#6 Bibi Takwimu
#5, twende taratibu. Bunge lilipitisha Novemba 2022, ikaanza kutumika Mei 2023 kama #4 alivyosema. Tume yenyewe ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC, Rais Samia aliizindua tarehe 3 Aprili 2024. Taasisi zikapewa hadi Desemba 31 mwaka huo ziwe zimejisajili, zikasuasua, muda ukasogezwa hadi Aprili 30, 2025. Ni mtoto anayetambaa huyu, usimlinganishe na mtu mzima.

Kuhusu "ile hela", tuma hiyo namba kwenda 15040 halafu futa. Na piga *106# uone kitambulisho chako cha NIDA kimesajili laini ngapi. Mimi niliikuta moja siijui.

#7 Mbu wa Kinondoni
Nimepiga. Nina laini tatu, zote zangu. Sasa namba yangu walipata wapi?

#8 Fundi Spana
Kwa mawakala wa laini. Wakati ule wa alama za vidole, mwisho ilikuwa Januari 20, 2020, watu tulisukumana kwenye vimeza vya barabarani. Dogo anakwambia "kidole hakijasoma, rudia", unarudia mara nne. Unadhani zile nne zote zilikuwa za laini yako?

#9 Kipanga Mzee
Hapana. Wale wanabahatisha namba tu, wanatuma elfu moja, wakimpata mmoja aliyekuwa anadaiwa kodi siku hiyo imeisha.

#10 Mama Vitumbua
Mbona hamsemi daftari la getini? Jengo lolote mjini unaingia: jina, unakotoka, unakwenda kwa nani, namba ya simu, namba ya kitambulisho, saini. Ukiandika la kwako unasoma ya watu ishirini waliotangulia. Likijaa linakwenda wapi? Mimi niliwahi kununua karanga, kufungua ile karatasi ni fomu ya mkopo ya mtu. Picha yake ipo, wadhamini wawili, mshahara, sahihi. Karanga zenyewe za mia mbili. Niliila ile karanga namwangalia yule baba usoni.

#11 Nguchiro wa Kimara
Jamani karanga baadaye. #4 asante. Nikirudi nawaambiaje?

#12 Mama wa Dirishani
Mimi nafanya kazi dirisha kama hilo, si hospitali hiyo, nadhani. Nitasema upande wetu mnisute baadaye.

Kwanza, hakuna aliyetufundisha. Sheria tumeisikia redioni kama nyie. Tulichoambiwa tukiajiriwa ni sentensi moja: faili halitoki. Ukilitoa likapotea ni wewe na mganga mfawidhi.

Pili, watu wanaokuja kuomba siyo wote wenye faili. Alikuja mwanaume ana kadi ya kliniki ya mkewe, kitambulisho cha mkewe, anajua hadi tarehe aliyolazwa. Anasema mke anaumwa, kamtuma. Nikamwambia mama aje mwenyewe au apige simu. Alinitukana hadi foleni ikageuka. Mama alipokuja baada ya wiki alinishika mkono tu, hakusema kitu. Humo ndani kulikuwa na majibu ambayo yeye mwenyewe hakuwa amepata ujasiri wa kuyasema nyumbani. Kile kiganja juu ya faili, mara nyingine ndicho kinachomlinda mwenye faili.

Ila mleta uzi ulikwenda mwenyewe na kitambulisho. Hapo yule kaka amekosea. Andika barua kwa mganga mfawidhi, taja sheria kwa jina, ambatanisha nakala ya NIDA, na barua yako peleka mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri hukuwahi kufika.

#13 Mbu wa Kinondoni
#12 kwa mara ya kwanza jukwaa hili nimesoma mtu wa dirishani nikamwelewa. Naogopa.

#14 Tabibu Mstaafu
Niongeze ambalo #12 kalikwepa kwa heshima. Mgonjwa akiomba faili, daktari anasikia neno moja tu: kesi. Kuna kurasa tuliandika saa tisa usiku, herufi za kuku. Kuna nyingine tuliandika tunachokihisi kuhusu mgonjwa, "anadanganya kuhusu pombe". Je, hilo nalo ni taarifa ya mgonjwa au ni wazo la daktari? Mimi nasema wazo langu ni langu.

#15 Wakili Kandambili
Shikamoo daktari. Wazo lako likiwa linamhusu yeye na limewekwa kwenye faili lenye jina lake, linamhusu yeye. Lingebaki kichwani lingekuwa lako.

#16 Tabibu Mstaafu
Marahaba. Sikubali, ila nimekusikia.

#17 Mswahili wa Leipzig
Hilo la wakuu wawili hapo juu huku limefika mahakamani. Mgonjwa mmoja wa Ujerumani alihisi daktari wa meno amemharibu, akaomba nakala ya kumbukumbu zake. Daktari akasema sawa, lipia gharama, maana sheria ya Ujerumani ilimruhusu kudai. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, hukumu ikatoka Oktoba 26, 2023: nakala ya kwanza ni bure, na mgonjwa halazimiki kusema anaitakia nini, hata kama anajiandaa kumshtaki daktari mwenyewe.

Mimi niliandika barua pepe ya mistari miwili, baada ya wiki tatu nikapata bahasha. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, ile iliyoanza Mei 25, 2018, inawapa mwezi mmoja wa kujibu.

#18 Kipanga Mzee
Tumeshapelekwa Ulaya. Nilijua tu.

#19 Otieno wa Kayole
Msiende mbali hivyo majirani, pandeni basi mje Nairobi. Sisi haki hii imo ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 31. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja 2019. Kwa kanuni zetu ukiomba kuona data yako unafaa kujibiwa ndani ya siku saba, na kurekebisha ni siku kumi na nne. Ukipeleka malalamishi kwa Kamishna wa Data, ana siku tisini.

Na watu wanatozwa faini kweli. Septemba 2023 peke yake: klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na kampuni ya mikopo ya simu 2,975,000 kwa kuwasumbua watu ambao hata hawakukopa, namba zao tu zilikuwa kwenye simu ya mdeni.

#20 Mama Vitumbua
#19 hiyo ya mwisho ilinikuta hapa hapa Dar. Binti wa jirani alikopa elfu hamsini kwenye programu ya simu. Kuchelewa siku mbili, nikapigiwa mimi, mchungaji, fundi friji na mwalimu wake wa sekondari. "Mwambie fulani ni tapeli." Fundi friji alimpigia kuuliza kama friji bado analitaka kwa sababu amesikia hana hela. Baadaye Benki Kuu ikatoa orodha, Novemba 2024, programu na majukwaa 69 hayana leseni. Nikaikuta na ile.

#21 Fundi Spana
Hiyo ndiyo mikopo ya kausha damu. Ila binti alibonyeza "nakubali".

#22 Mama Vitumbua
Alibonyeza. Mimi nilibonyeza wapi?

#23 Fundi Spana
...

Hapo umenipata.

#24 Otieno wa Kayole
Kubonyeza si kukubali kila kitu. Mnakumbuka Worldcoin 2023? Watu walipanga foleni ukumbi wa KICC hapa Nairobi kupigwa picha ya macho wapate sarafu za kidijitali, thamani yake kama elfu saba za Kenya. Wote "walikubali". Agosti serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ya mwili ifutwe ndani ya siku saba, Kamishna akisimamia. Hata Huduma Namba, kitambulisho kipya cha serikali, Oktoba 2021 mahakama ilisema utoaji wa zile kadi ulikuwa batili kwa sababu serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa data za watu. Serikali yenyewe hiyo.

#25 Mbu wa Kinondoni
Na sheria yetu ya taarifa binafsi si mahakama ilishaifuta? Nilisikia kijiweni mwaka jana.

#26 Bibi Takwimu
Kijiwe chako kibadilishe kahawa. Kesi ilikuwa ya Tito Magoti dhidi ya Mwanasheria Mkuu, hukumu Mei 8, 2024. Mahakama Kuu iligusa vipande tu, kifungu cha 22(3) na 23(3)(c) na (e), ikasema vimeandikwa kwa upana kupita kiasi, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Sheria iliyobaki ilisimama.

#27 Bint Mkunazini
Asalaam aleykum. Na sie wa Unguja mmetuacha wapi? Sheria hiyo imeandikwa itatumika Zanzibar pia, isipokuwa kwa mambo yasiyo ya Muungano. Afya si jambo la Muungano. Basi hebu wakili nambie, faili langu la hospitali ya Unguja linalindwa na nani? Laini yangu ya simu inalindwa, presha yangu hailindwi?

#28 Wakili Kandambili
Bint, swali lako ni zuri kuliko jibu nililonalo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Muungano inalinda faragha ya kila mtu, ningeanzia hapo. Wapo watakaokwambia taarifa binafsi ni jambo linalosimama peke yake, haijalishi zimo kwenye faili la nini. Wapo watakaokwambia kama ulivyosema wewe.

#29 Bint Mkunazini
Kwa ufupi hujui. Ahsante kwa adabu yako lakini.

#30 Kipanga Mzee
Hahaha Wakili kanyolewa bila maji.

#31 Tabibu Mstaafu
Mmekwenda Nairobi, Leipzig na Unguja. Mgonjwa wetu bado ana kisukari cha karatasi. Mleta uzi uko wapi?

#32 Nguchiro wa Kimara
Nipo wakuu, samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Nilifanya kama #12 alivyosema. Barua mbili, muhuri, nikaitaja sheria kwa jina kamili kama #4. Katibu wa mganga mfawidhi aliisoma mara mbili, akauliza, "Wewe ni mwandishi wa habari?" Siku ya tisa nikapigiwa simu. Kurasa 31, nikalipa 3,100 ya fotokopi (#17 usicheke). Nikasoma ndani ya daladala nimesimama.

Ukurasa wa 22. Majibu ya maabara ya 2021, sukari 14.6. Jina la kwanza langu. La pili langu. La tatu si langu. Umri miaka 61. Mimi nina 38. Daktari aliyejaza fomu ya bima ndiye aliyeikuta hiyo karatasi akaandika kisukari.

#33 Mama Vitumbua
Yesu na Maria.

#34 Fundi Spana
Nafuta #3. Kama daftari langu lingesema injini yako imekufa kumbe ni gari la mwingine, na ukanyimwa bima kwa hilo, ningekuonyesha daftari.

#35 Wakili Kandambili
Hapo sasa ni haki ya kurekebishiwa, nyeupe kabisa. Andika hospitali waiondoe, wawaarifu na wale waliowapelekea. Wakigoma, malalamiko kwa Tume. Tume inaweza kupiga faini hadi milioni mia.

#36 Nguchiro wa Kimara
Nimeanza. Hospitali wanasema bima waandike kwanza kuomba masahihisho. Bima wanasema wao waliletewa, hospitali ndiyo iandike. Mimi ndiye nabeba bahasha katikati kwa bodaboda.

#37 Tabibu Mstaafu
Subirini. Nyote mnaongelea bima. Kuna mzee wa miaka 61 alipimwa 2021, sukari 14.6, na majibu yake yakaingia kwenye faili la mtu mwingine. Yeye aliambiwa nini siku ile? Au daktari alifungua faili lake akakuta hakuna majibu akamwambia "uko sawa, nenda nyumbani"?

#38 Mbu wa Kinondoni
Duh.

#39 Mama wa Dirishani
Mleta uzi, usiipige picha ukaiweka humu, nakuomba. Irudishe ile karatasi leo, kwa mfawidhi mkononi, usiache dirishani. Ina namba ya faili juu, wanaweza kumtafuta kwa dakika tano wakitaka.

#40 Wakili Kandambili
Arudishe, ila abaki na nakala. Ndiyo ushahidi wake pekee. Afunike jina la tatu na umri.

#41 Mama wa Dirishani
Akifunika hivyo ushahidi unabaki wa nini? Na akibaki nayo ni yeye sasa anayeshika taarifa nyeti za mtu bila mtu kujua. Nyie mliandika kurasa nne za haki humu.

#42 Bibi Takwimu
Wote wawili mna hoja. Sijui nimuunge nani.

#43 Nguchiro wa Kimara
Halafu kuna kitu sikuwaambia. Juu ya ile karatasi, kwa kalamu, wameandika namba ya simu ya mzee. Nimeishika simu tangu asubuhi. Nimpigie?

#44 Tabibu Mstaafu
Mpigie. Sasa hivi.

#45 Wakili Kandambili
Usimpigie. Hiyo ni kazi ya hospitali, waandikie wafanye hivyo leo na ugonge muhuri.

#46 Bint Mkunazini
Ukingoja muhuri mzee kashakwenda. Mpigie, mwambie akapime tu, usimsomee namba.

#47 Kipanga Mzee
Ukipiga usianze na "ile hela".